Mama, Bado Natazama Upande wa Mfangano

Mama mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichotulea nacho, wewe binti wa wauza vitambaa wa Mumias, ambaye Kijaluo chako kiliwachekesha wanawake wa soko la Ndhiwa mpaka mwisho. Neno moja tu ulilitamka bila kukosea: nyakoi. Nyanya alikufundisha ulipokuwa bi arusi, akikuonyesha mkia wa wingu ulioshuka mpaka ziwani ukavuta maji juu. Ulituambia siku ile ulitamani kurudi kwenu.

Unakumbuka kile kisulisuli cha Ndhiwa? Nilikuwa bado shule ya msingi. Kilianzia kwenye shamba la miwa, kidogo tu, kama moshi wa mtu anayechoma takataka, kisha kikanenepa, kikavuka barabara. Watu walikimbilia kanisani. Wewe ulinishika mkono ukanivuta mpaka mtaroni, tukalala kifudifudi.

"Usiangalie ukubwa wake," ulinipigia kelele sikioni. "Angalia kinakoenda."

Kilienda kanisani. Mabati yalipaa yakizunguka, na boriti ikamvunja jirani yetu fundi cherehani mguu. Jioni uliketi mlangoni ukitazama mbingu mpaka chai yako ikapoa.

Kwa hiyo Baba alipopelekwa kufundisha Sindo, kando ya ziwa, na watu wa hali ya hewa wakaja kutafuta wa kujitolea, wewe ndiye uliyenyoosha mkono wa kwanza. Ukalitaja na jina langu bila kuniuliza. Kazi haikuwa na malipo: kutazama, kisha kuwaambia wenzetu kwenye kundi la simu, kuanzia Sindo mpaka Muhuru huko Migori, tumeona upepo gani, wingu gani, mvua ya mawe ya ukubwa gani. Wewe ulipima kila kitu kwa chakula. Mawe ya njugu. Mawe ya limau. Tuligombana siku nzima kama yalikuwa limau au yai, na Baba akasema katika nyumba hii hata mvua inapikwa.

Halafu ukaacha mzaha. Mvua zilianza kuja nje ya msimu wake, na mikia ya mawingu ikawa inashuka mara kwa mara. "Akinyi," uliniambia tukianika dagaa wa omena, "siku hizi ziwa likitulia ndipo ninapoogopa."

Asubuhi uliyoondoka lilikuwa limetulia hivyo. Mume wa wifi yako alikuwa amefariki kule kisiwani Mfangano, na waombolezaji walikuwa wanajaza boti. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ulisimama ufuoni ukitazama ng'ambo kwa muda mrefu.

"Ngoja kesho, Mama."

"Wifi yangu amlie mumewe peke yake? Hapana." Ukafunga leso kiunoni, ukapanda.

Ulipopiga simu nilisikia kwanza watu wakiimba nyuma yako.

"Akinyi, tuma ripoti. Nyakoi. Iko kati yetu na kisiwa, inakuja huko Sindo. Na ingine inashuka nyuma yake."

"Rudini!"

"Nahodha anajaribu. Tuma kwanza. Niliacha boti zikipakia hapo. Tuma, mwanangu."

Wimbo ulikuwa umekatika. Kisha simu nayo ikakatika.

Nilituma. Nikakimbia ufuoni nikipiga kelele. Owino, mwenye boti iliyofuata, alikuwa ameshawasha injini, boti imejaa wanawake na magunia yao.

"Sista, ni nini? Si jua linawaka?"

"Mama yuko huko. Ameiona nyakoi kwa macho yake."

Alinitazama usoni, akazima injini. Tulikuwa bado tunavuta boti nchi kavu maji yalipogeuka meusi. Nyakoi ilipita karibu na ufuo ikinguruma kama lori linalopanda mlima, ikanyakua nyavu zote za omena, ikainua boti tupu ikaitupa juu ya mawe. Baadaye nikapiga simu yako tena na tena.

Boti yenu ilikuwa imepinduka; walioshika mitungi ya petroli waliokolewa. Wewe uliletwa na wavuvi wa Mfangano, leso ikiwa bado imefungwa kiunoni.

Baba aliniuliza mara moja tu. "Ulituma ujumbe kwanza, kabla ya kuwatafuta waokoaji?"

"Ndiyo, Baba. Ndivyo Mama alivyosema."

Hakuongea nami tena mpaka siku ya matanga, kule Ndhiwa. Ndipo Owino alipoingia bomani na abiria wake wote, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Hawakutoa hotuba. Owino alivua kofia akasema, "Mwalimu, sisi ndio tulikuwa ufuoni." Baba aliwatazama mmoja mmoja, kisha akainuka akaanza kuwaburutia viti yeye mwenyewe. Walipoondoka aliniambia, "Angesema vilevile hata kama ni mimi niliyekuwa ndani ya ile boti." Tukalia pamoja, Mama. Mpaka leo hataki kuliona ziwa.

Mimi nimebaki Sindo, na bado natazama. Mwaka huu mbingu hazieleweki. Juzi mikia mitatu ilishuka pamoja, ikasimama juu ya maji kama watu wanaoshauriana, ikayeyuka. Mara nyingine naonya na hakuna kinachokuja, na wavuvi wananicheka. Acha wacheke. Wanaonitisha ni wale ambao hawakukujua.

Leo kuna boti ngeni kutoka Muhuru inayobeba watu kwenda kisiwani, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Nimeingia majini mpaka magotini, nikamwonyesha nahodha lile wingu lililolala nyuma ya Mfangano, jeusi chini, tumbo limening'inia.

"Mathe, mimi naona jua tu," akasema.

Mama mmoja mzee aliniangalia, akashuka na kikapu chake. Akashuka na mwingine. Waliobaki walitazama pembeni, boti ikang'oa nanga.

Nimeshatuma ripoti. Nimewapigia wavuvi wa kule ng'ambo wakae tayari. Sasa nimeketi juu ya mawe nikikuandikia, na wale kina mama wawili wako kando yangu. Muziki hausikiki tena. Boti bado naiona, ndogo kama punje, na wingu limeanza kushusha kidole.

Niishie hapa, Mama, nahitaji macho yote mawili. Upumzike kwenye udongo mkavu.

Mimi kifungua mimba wako,
Akinyi