Bei ya Nusu Saa

Garissa, 11 Februari 2025

Ndugu yangu Abdimalik,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yetu, hooyo, anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Nawe ukiwa mzima, basi nisikilize.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule kwa sababu Kisomali changu leo kingekuwa matusi matupu.

Jana Saado, yule mwenye shamba la ndizi Balambala, alinikuta soko la mifugo, nikiwa katikati ya kuuza mbuzi, akanipa simu yake. "Khadra, hapa pameandikwa nini?" Palikuwa pameandikwa kwamba hakuna kutoa pesa. Ile ni akiba ya wanawake kumi na wanne wa Balambala, ya kununua pampu ya kuvuta maji ya mto Tana kupeleka mashambani. Waliiweka kwenye jukwaa lenu la sarafu za mtandaoni kwa sababu wewe unafanya kazi hapo, na wewe ni mdogo wangu.

Nimekupigia mara tisa. Andika basi. Nani ameiba, na ameibaje?

Dada yako,
Khadra

*

Nairobi, 14 Februari 2025

Abaayo Khadra, dada yangu,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima wa mwili tu. Nibusie hooyo mikono.

Hakuna aliyevunja mfumo wetu. Mfumo wenyewe ndio uliodanganywa. Kuna sarafu moja ndogo isiyo na wanunuzi wengi. Mtu mmoja, hatumjui, aliinunua na kujiuzia mwenyewe kwa akaunti tofauti, tena na tena, mpaka ndani ya nusu saa bei ikapanda mara arobaini. Programu yetu inajisomea bei, bila mtu wa kukagua, tena kwenye soko moja tu. Ikaona mtu huyo ni tajiri. Akaziweka sarafu zake rehani, akakopa pesa zote za wateja, akatoweka. Bei ikaanguka palepale. Tumebaki na rehani isiyonunua hata kikombe cha chai.

Kampuni inasema haina cha kulipa. Waombe kina Saado wavute subira. Na mimi yamenipata kama wao.

Mdogo wako,
Abdimalik

*

Garissa, 16 Februari 2025

Abdimalik,

Assalaamu alaykum. Salamu ni sunna, ndiyo maana nimeitoa.

Nimeelewa vizuri sana. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa sokoni. Mtu analeta mbuzi kilema kutoka Hulugho, binamu yake anamnunua kwa laki moja mbele ya watu, halafu anarudishiwa pesa yake kando. Kesho yake mwenye mbuzi anasema, "Ninao mia kama huyo, kila mmoja ni laki, nikopesheni." Dalali yeyote hapa angemcheka. Angeuliza nani mwingine amenunua kwa bei hiyo. Nyinyi wenye digrii hamkuuliza?

Halafu umeandika "akakopa pesa za wateja". Akakopa! Saado alikuuliza mara tatu nyumbani kwangu, "Pesa zetu zitakopeshwa kwa riba?" Ukamwambia, "La, eddo, shangazi yangu, ni biashara, mnapata fungu la faida." Uliapa.

Nijibu moja tu. Ulijua kwamba bei inasomwa soko moja, bila mtu wa kukagua? Ulijua kabla?

Dada yako,
Khadra

*

Garissa, 2 Aprili 2025

Abdimalik,

Assalaamu alaykum. Ramadhani nzima hukuandika. Idd imepita, hukumpigia hata hooyo. Alivaa nguo yake mpya akakaa na simu mapajani.

Ndizi za Saado zimekauka, na mto uko hatua mia mbili tu. Aliajiri vibarua wa kuchota kwa ndoo mpaka akashindwa kuwalipa. Wanawake wawili hawaitikii tena salamu yangu. Wana haki. Mimi ndiye niliyekuleta kwao.

Swali langu liko palepale.

Dada yako,
Khadra

*

Nairobi, 9 Aprili 2025

Abaayo,

Assalaamu alaykum. Sijui niulizeje hali zenu.

Nilijua. Niliiona kasoro hiyo Novemba, nikamwandikia mkubwa wangu. Akasema kurekebisha ni kufunga jukwaa wiki mbili, na wawekezaji wako njiani. "Nyamaza kidogo, mwaka mpya nitakupa cheo." Nikanyamaza. Januari nikatoa pesa zangu. Zenu niliziacha, maana ningewaambia mtoe mngeuliza kwa nini, na habari ingeenea. Nilikudanganya niliposema yamenipata. Habari ya riba pia nilijua.

Leo nimekutumia zangu zote, zinatosha pampu. Nakuomba uwaambie kampuni imelipa. Na hooyo asijue, wallahi nakuomba.

Mdogo wako,
Abdimalik

*

Garissa, 17 Aprili 2025

Abdimalik,

Assalaamu alaykum. Hooyo mzima.

Yaani unanipa uongo wako niubebe mimi? Nimekataa. Ijumaa iliyopita nilikwenda Balambala na hooyo, nikawasomea wote kumi na wanne barua yako, neno kwa neno, nikitafsiri. Mmoja wao, Sadia, alitupa kanga chini akatoka nje. Saado akasema, "Soma tena pale alipotoa zake." Nikasoma tena.

"Januari alikuja likizo," akasema. "Alikula kwangu. Alimpakata mjukuu wangu. Na zake alikuwa ameshatoa?"

Ulikuwa na mdomo siku ile, Abdimalik, ungesema neno moja tu, "toeni".

Pesa wamezipokea kwa sababu ni haki yao, si kwa hisani yako. Pampu itanunuliwa. Lakini mkubwa wako bado yuko ofisini, na kuna watu wa vijiji vingine wasio na dada wa kuwagombania. Kwa hiyo wanawake wamekubaliana kushtaki, yeye na wewe. Nilitazama uso wa hooyo, nikitegemea atuzuie. Akauliza tu, "Kituo cha polisi kinafunguliwa saa ngapi?"

Jumatatu nilipeleka malalamiko mwenyewe, na barua yako ndani yake. Afisa aliuliza mshtakiwa wa pili ni nani wangu. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike.

Njoo kabla hawajakufuata. Utalala kwangu, utakula kwangu, na asubuhi tutakwenda kituoni pamoja, wewe na mimi na hooyo, ukayaseme kwa kinywa chako.

Dada yako,
Khadra