Kifuniko Kimetangulia Rangoon

Mtaa wa Wafua Fedha,
Ava.
Siku ya tano ya mwezi wa Tawthalin, mwaka 1188 wa kalenda yetu ya Kiburma.

Mpendwa Dada yangu Ma Hmwe Yin,

Kabla ya lolote, Shemeji Ko Tha Dun, wewe unayemsomea dada yangu, sogea karibu na mlango upate mwanga, na usiruke maneno kama ulivyofanya na barua ya mwaka jana. Haya, sasa salamu. Dada, hujambo? Lile goti lako limepona, au bado linatangulia kujua mvua? Mama mkwe wako na kikohozi chake wanaendeleaje? Sisi huku ni wazima kupita kiasi. Wifi yako Ma Ein Kha amenenepa, mimi nimezidi kupendeza, na paka amezalia ndani ya kapu la makaa.

Barua yako imefika kwa mashua ya mchele. Umeniuliza mawili tu. Kwanza, hao askari wa Kiingereza watatoka lini katika nyumba yako ya Rangoon, maana huu ni mwaka wa tatu unalala nyuma ya jiko la watu huko Dalla. Pili, kile kikasha cha fedha cha tambuu cha marehemu mama ulichoniachia, kipo salama? Yote nitakujibu. Ninaanza na la kwanza kwa sababu ndilo tamu.

Wanatoka! Na aliyewatoa ni mdogo wako. Usigune, Shemeji. Soma.

Mimi nilikaa kwa watawa misimu miwili ya mvua tu, herufi zangu unaziona zinavyoyumba, lakini mambo ya mabalozi nayajua nje ndani. Wakubwa walipoweka amani pale Yandabo, walikubaliana mfalme wetu alipe mafungu manne ya fedha. Fungu la kwanza likawaondoa Waingereza hapa karibu yetu, wakateremka mto mpaka kwenu. Fungu la pili ndilo la kuwatoa Rangoon. Kwa hiyo, dada, fungu la pili lilikuwa ni mlango wako, ni ukumbi wako ambao nasikia wamefungia farasi, ni kitanda chako.

Na fedha yetu, kama unavyojua, haina sura ya mtu. Ni mabonge. Nani anajua bonge hili ni zuri au limejaa shaba? Ni sisi wapimaji. Tunaliyeyusha, linapopoa linachanua ua usoni, na kwa ua hilo tunajua. Katika Ava nzima wapimaji ni arobaini. Wanaojua kazi ni watatu. Wawili ni wagonjwa.

Basi akaja Kapteni mmoja wa Kiingereza na mashua zake kupokea fungu. Mrefu, mwekundu, ana ndevu za mashavuni kama nyani mzee, lakini si mtu mbaya. Aliila chai yetu ya kutafuna mpaka akalamba sahani. Alifuatana na mkalimani, Agha Minas, yule Mwarmenia muuza vitambaa. Kapteni akashika bonge la kwanza, akalizungusha, akakunja pua.

"Anasema fedha yenu ina wekundu," akasema Agha Minas. "Anataka nyeupe tupu."

"Mwambie hata yeye ni mwekundu, na hatujamrudisha kwao."

"Hilo sitafsiri, Ko Pan Zi. Nina watoto."

Msimamizi wa hazina yetu akanikonyeza ninyamaze. Jasho lilikuwa linamtoka, maana bonge likikataliwa, watu wake wataingia tena majumbani kuvua wanawake herini za kujazia fungu. Mimi nikasema, kwa adabu kubwa, "Agha, mwombe bwana anikopeshe rupia zake hamsini nizichezee kidogo."

Kapteni akacheka, akazitoa. Nikazitia kwenye chungu changu, nikavukuta, nikamimina, nikakaa kando natafuna tambuu. Dada, zilipopoa, lilichanua ua lile lile! Wekundu ule ule, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Nikaliweka bonge lake kando ya bonge letu nikamwambia achague lililo lake. Akachagua letu!

Watu ufukweni walicheka mpaka mpagazi mmoja akaangukia mtoni. Kapteni naye akacheka, uso ukazidi kuiva, akanipiga bega. Ubalozi ndio huo. Akakubali mabonge yote, ila akataka bonge moja la kila sanduku liyeyushwe mbele yake aone ua.

Hapa, Shemeji, mpe dada maji anywe.

Msimamizi aliniuliza mbele ya watu, "Moto wako utakula kiasi gani?" Nami, kichwa kikiwa kimeshavimba, nikajibu, "Mkuu, kwangu haipotei hata chembe ya kutia kwenye jicho la kuku. Ikipungua, nitajaza mimi." Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini maua ya masanduku ya mwisho hayakunipendeza. Yalikuwa halali, yalikuwa mazima, lakini petali zilikuwa finyu, na Kapteni alikuwa ameinama anatazama kwa kioo chake cha kukuzia vitu. Nikaona aibu. Nikayarudisha motoni mara ya pili, yachanue vizuri. Yakachanua! Sijawahi kutoa maua kama yale tangu nizaliwe. Na moto ukala.

Tulipopima, fungu lilipungua uzito wa kyat kumi na tisa.

Kapteni akafunga daftari lake. Agha Minas akasema taratibu, "Anasema hawezi kutia sahihi. Maji yameanza kupungua mtoni, ataondoka jioni hii. Atarudi baada ya baridi."

Baada ya baridi! Na wewe nyuma ya jiko!

"Nani alisema atajaza?" akauliza msimamizi. Wapimaji wote thelathini na tisa wakanigeukia, hata wale wawili wagonjwa.

Nilikimbia nyumbani, dada, saruni nimeikunja kiunoni kama mwizi wa mahindi. Ma Ein Kha alikuwa anachambua dagaa. Nikamwambia, nipe bangili.

"Bangili zipi? Si zilikwenda na fungu la kwanza? Uliziyeyusha mwenyewe ukaja kunisifia ua lake!"

"Basi kikasha cha dada."

Akaniangalia, mikono ina magamba. "Wewe mwanaume, mdomo wako ungekuwa wa fedha tungekuwa matajiri." Kisha akainuka, akakitoa kilipofichwa, akakikumbatia. "Chukua kifuniko tu. Chini kuna chokaa ya mama bado, na alama ya kidole chake imo. Hiyo huigusi."

Nikachukua kifuniko. Ndilo jibu la swali lako la pili.

Sitakuficha, niliposimama na kifuniko mkononi mbele ya tanuri, nilikipapasa kwanza, juu na ndani. Kile chenye kasuku wawili, na lile bonyeo la siku uliponipiga nacho kichwani kwa kula ndizi zako. Nilikitia motoni taratibu, mara moja tu, sikutafuta ua la mashindano. Kilikuwa na kyat ishirini na moja. Kapteni akatia sahihi. Mashua zake ziliondoka kabla jua halijazama, na Agha Minas ameapa kwamba amri ya askari kuhama Rangoon imo ndani ya mfuko wa Kapteni. Kabla ya mpunga kuvunwa utakuwa kwako.

Kikasha ninakuletea kwa mikono ya mwenye mashua hii ya mchele. Nimekiagizia kifuniko cha mianzi kilichopakwa laki, ule utomvu mwekundu unaong'aa, kazi ya fundi wa Pagan. Hakikai sawasawa, kigonge kidogo upande wa kushoto kitatulia. Ndani, chini ya tambuu, kuna bonge dogo la kyat mbili, ndilo lililobaki la kile kifuniko. Ua lake ni dogo lakini halina doa. Nunulia komeo la mlango, maana la zamani nadhani limekwenda na farasi.

Nisalimie mama mkwe wako, mwambie atakukumbuka utakapohama. Nisalimie shangazi Mi Thoung na kuku wake wote. Ma Ein Kha anasema uje mavuno yakiisha, na anasema kwamba kosa lote ni langu.

Ukae kwa amani, dada, na paa lako liwe juu yako. Ukinikasirikia nitakuelewa. Bonyeo la kwenye kifuniko limekwenda, lakini la kichwani kwangu bado lipo. Ukija utalishika.

Ni mimi nikupendaye, hata ukiifikia aya ya kifuniko mara ya pili,

Mdogo wako,
Ko Pan Zi, mpimaji