Kidole cha Shemeji Yako

Nyumba ya nyuma ya stendi,
Chumba Na. 4.
Jumanne, siku ya tisa baada ya kura.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko? Mimi ni mzima. Mama naye mzima, na ulimi wake ndio mzima zaidi.

Uliuliza kwa nini shemeji yako hapokei simu. Kaa kitako nikueleze.

Unakumbuka siku ya kura ilivyokuwa kwetu: wanaume wananyolewa kwanza, ndipo wapange foleni. Kwa kinyozi hiyo ni sikukuu. Basi ilipotangazwa kura ya mapema, shemeji yako akaenda wiki moja kabla, akachovya kidole kwenye wino, ili siku yenyewe asifunge kibanda hata dakika. Nami nilimsifu. Mjinga mimi!

Jambo moja halikutujia. Chama cha upande wa pili kiliwahimiza watu wake wapige mapema. Chetu kilisema tusubiri siku yenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla vituo havijafunguliwa, mwenye wino alikuwa ameshajitaja kuwa wa upande wa pili.

Waliingia kibandani vijana wanne wa chama chetu. Mmoja aliketi kunyolewa, akakiona kidole kwenye kioo.

"Kumbe wewe ni wa wale!"

Shemeji yako akacheka, akidhani ni utani. "Mimi? Si nimewapigia nyinyi!"

Walimlaza mezani, wakamkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa wembe wake mwenyewe. Mfupa ulipogoma, wakamalizia kwa panga. Nilikuwa nachemsha maji ya taulo. Nilimmwagia mwenye panga sufuria nzima usoni. Ngozi ilimtoka. Bado namsikia akilia, na sijutii.

Zamani tulikuwa na siku moja ya kuogopa. Safari hii siku hiyo iliota mizizi wiki nzima, nasi tukidhani tumeshaimaliza.

Chama chetu kimeshinda, kwa kura yake pia. Walipita hapa wakipiga honi.

Sasa anajifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto. Wateja wanaogopa, kwa hiyo jana niliketi kitini nikamwambia aninyoe nywele zote. Amenikata mara tatu. Alipouliza kama inauma, nilimwambia ananitekenya.

Mama anakusalimu, na shangazi fundi viatu pia. Mungu akutunze, na mikono yako yote miwili.

Wako akupendaye,
Dada yako, kipara mpya wa mtaa.