Shangazi, Kadi Zako Nilizichoma

Shangazi yangu mpendwa,

Alasiri ile, ukiwa umejilaza kwenye mkeka kwako Rusimbi na miguu imevimba, uliniuliza kama kadi zako zipo salama. Nikakujibu zipo stoo, zimefungwa vizuri, na ufunguo ninao mimi. Ukasema alhamdulillahi, ukaendelea na chai yako. Kadi hazikuwepo, shangazi. Nilikuwa nimezichoma mwenyewe wiki moja kabla, kwenye shimo la taka la ofisi, nikasimama pale na fimbo nikizigeuza ili ziungue vizuri.

Nimelifunga neno hili moyoni kwa miaka mingi kuliko ile niliyofanya kazi na wewe. Leo naliandika hadharani, kwa sababu kuna mtu mwingine linamhusu na sijui aliko. Nitafika huko.

Kazi ile ulinitafutia wewe. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, mitumbwi inashusha watu kutwa nzima, na shirika letu dogo lilikuwa na kazi moja tu: kuwatafutia ndugu zao watoto waliofika peke yao. Nilikuja na cheti changu cha kompyuta na shati jeupe. Ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Haya, msomi, kaa hapo. Kalamu unaijua au nayo tukufundishe?"

Siku hiyohiyo nikaharibu. Nilipowaandikisha ndugu watatu, mkubwa akanitajia jina lake na la baba yao, nami nikawapachika wadogo zake lile jina la baba kuwa jina la pili, kama tunavyoitwa sisi watu wa Ujiji. Ukazirudisha kadi zote tatu. "Hawa Warundi, mwanangu, kila mtoto ana jina lake. Tumbo moja, majina hayafanani. Ukiwapanga kwa majina ya baba utatengeneza ndugu wasiokuwepo na kuwapoteza waliopo."

Ndiyo maana wewe hukuwapanga kwa majina. Uliwapanga kwa vyombo walivyofika navyo. Ulichukua madebe matupu ya mafuta ya msaada, ukayakata upande, na kila debe likawa la mtumbwi mmoja au boti moja. Kulikuwa na debe la Boti ya Mvua, debe la Mtumbwi wa Mama Aliyejifungua, debe la Wale Waliokuja na Mbuzi. Nilicheka. Ukaniambia mtu anayekimbia hakumbuki tarehe, ila hawezi kumsahau aliyekaa ubavuni mwake majini.

Mbele ya kadi uliandika walichotaka wakubwa: jina, umri, mkoa alikotoka. Nyuma uliandika ya kwako. Nani alimpakata mtoto. Anaogopa nini. Alishuka na kitu gani mkononi. Mama gani alimchukua pale ufukoni, na huyo mama alisema anaelekea wapi. Mwandiko wako ulikuwa mdogo, umebanana mpaka ukingoni. Kisha saa nne, chai ikija na maandazi, hukuruhusu mtu anywe kimya. Kila karani alisimulia aliyempokea asubuhi hiyo, na mara nyingi kikombe hakijaisha, mmoja anadakia, "Ngoja, huyo mwenye kovu, mbona mimi nina kaka yake!" Tuliwaunganisha watu wengi kwenye chai ile. Sisi wenyewe hatukuona kama ni utaratibu wa kazi. Tuliona ni chai.

Halafu akaja yule mtaalamu wa mfumo mpya wa kompyuta. Simlaumu. Alitukalisha siku mbili, akatueleza kwamba maarifa ya ofisi hayapaswi kukaa kichwani mwa mtu mmoja, kwa sababu mtu huugua, huhama na hufa. Wewe ulitikisa kichwa kukubali kuliko sisi wote. Ulipomwuliza kama mashine ina nafasi ya yaliyo nyuma ya kadi, alikujibu kwa upole kwamba mfumo unapokea yanayoweza kuhesabika. Ukanikonyeza. "Basi mimi sihesabiki," ukasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Kompyuta ikaletwa, na ikawa yangu. Nilijisikia sana, shangazi, nisikufiche. Kwa mara ya kwanza watu wazima walisubiri nimalize ndipo waendelee. Chai ya saa nne ikaondolewa, kila mtu akanywa mezani kwake akijaza fomu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kukulemea na mara nyingi ulikuwa nyumbani. Kila nilipokuja kukuona uliniuliza, "Na nyuma je?" Nami nikakujibu, "Nyuma tutaingiza awamu ya pili."

Awamu ya pili haikuwepo popote. Niliitunga njiani nikija kwako.

Agizo lilikuwa kwamba kadi zikishaingizwa zichomwe, zisije zikaangukia mikononi mwa watu wabaya wanaowatafuta wale wakimbizi. Agizo lenyewe lilikuwa na akili. Ila kabla ya kuchoma ilibidi mtu aweke sahihi chini ya sentensi isemayo kwamba taarifa zote zimehamishwa. Zote. Nilijua nimehamisha za mbele peke yake. Ningeweza kusema nipewe miezi mitatu zaidi, na wangenipa. Lakini nilikuwa nimeshawaambia kwamba nitamaliza kabla ya mwisho wa mwezi, na nilipenda walivyonitazama nilipolisema hilo. Nikaweka sahihi. Jioni ile nguo zangu zilinuka moshi mpaka mama akaniuliza kama tulikuwa tunachoma samaki wa mgebuka ofisini.

Wiki iliyofuata ndipo akaja Esperansi.

Hukuwahi kumwona. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, mrefu, amejifunga kitenge kilichofifia, na alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa mara mbili. "Amahoro," akasalimia. Akaeleza kwamba anamtafuta mdogo wake, Kanyana. Walifika pamoja Kagunga, kule mpakani, mwaka wa kwanza wa mbio zile. Boti ilikuwa imejaa na mvua inanyesha. Akamwinua mtoto, akampa mama mmoja aliyekwisha kukaa, akiamini boti itarudi kumchukua na yeye. Haikurudi siku ile. Yeye alikuja kupelekwa kambi nyingine, na mtoto hakumwona tena.

"Watu wanasema nilimuacha," akaniambia. "Miye sikumuacha. Nilimutanguliza."

Nikabonyeza. Kompyuta ikamleta Kanyana mara moja, na nilikaribia kupiga makofi. Miaka minne, msichana, bila ndugu. Hakuna zaidi. Ilikuwa haijui kwamba huyu ni dada yake, kwa kuwa majina yao hayafanani. Haikujua boti wala mama aliyempakata. Nikaikumbuka kadi yenyewe, shangazi. Naikumbuka hata sasa, kwa sababu nyuma ilikuwa imejaa kuliko nyingine na nilipoigeuza nilisema moyoni, huyu bibi naye ana maneno. Sikusoma hata mstari mmoja.

Nikaja kwako mbio siku hiyohiyo. Nilikuwa nimejiandaa kukueleza, wallahi nilikuwa nimejiandaa. Nikasema shikamoo, ukaitika marahaba mwanangu, ukaniambia nimekonda, ukataka niletewe ugali na dagaa wa mawese. Uso wako ulikuwa umefurahi. Nikashindwa.

"Shangazi, unamkumbuka mtoto anaitwa Kanyana?"

"Kanyana yupi? Walikuwa watatu. Yule wa Boti ya Mvua?"

"Huyo huyo."

"Ee! Mwenye bakuli la bluu! Hakuliachia hata akilala." Ukacheka, kisha ukafumba macho ukimtafuta. "Alichukuliwa na mama mmoja... alikuwa na... Hapana. Ngoja. Kichwa hiki siku hizi kinanichanganyia watu, nisije nikakutuma kwa mtoto wa mwingine. Niliandika yote, jina la huyo mama na kijiji. Umesoma nyuma?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningesema tu kwamba hakuna nyuma, ungekaa ukajikaza, ungemwita huyo mama kutoka popote alipokuwa kichwani mwako. Nakujua. Ungeanza na mvua, ukaja kwenye boti, ukahesabu waliokaa, mpaka ukamfikia. Ulijizuia kwa sababu uliiamini kadi kuliko kichwa chako, na kwa kadi uliniamini mimi.

"Bado," nikasema. "Nitaisoma kesho."

"Isome. Zipo salama lakini?"

"Zipo stoo, shangazi. Ufunguo ninao mimi."

Siku ya nne baada ya hapo tukakuzika kwenye makaburi ya Kasingirima. Watu walikuwa wengi, na wengine walikuja kutoka kambini kwa ruhusa, wamesimama pembeni kwa adabu wasijue vizuri desturi zetu. Nilishika jeneza upande wa mbele. Kila mtu alinipa pole kama mtoto wako wa kukuzaa.

Esperansi aliendelea kuja kila Jumanne. Kila Jumanne nikamwambia bado tunatafuta. Na kweli nilitafuta. Nilizunguka vijiji vya ziwani nikiuliza akina mama juu ya bakuli la bluu mpaka wakaanza kunicheka. Lakini kutafuta kule kulikuwa pia njia ya kutomwambia. Mwisho wake watu wake wakapangiwa safari ya kurudi kwao, naye akaja kuniaga. Alikuwa ameniletea viazi vitamu kwenye kikapu kidogo, kwa kunishukuru. Viazi vile ndivyo vilivyonishinda. Nikamweleza yote: kadi, sahihi, moto, na wewe kwenye mkeka.

Alikiweka kikapu sakafuni. Kisha akauliza, "Uliandika kwamba umemaliza?"

"Ndiyo."

"Na ulijua hujamaliza?"

"Nilijua."

Nilitamani anitukane. Alivuta kiti, akakaa, akanisogezea kadi tupu iliyokuwa mezani. Akaigeuza upande wa nyuma. "Andika sasa," akasema. Akanitajia kila alichojua juu ya mdogo wake, taratibu, akisubiri mkono wangu ufike. Hakunisamehe, nami sikuthubutu kumwomba. Viazi aliviacha.

Siku hizi, shangazi, mimi ndiye mzee wa ofisi. Huitwa kwenye semina nikawafundishe vijana namna shirika linavyotunza linachokijua. Mfumo wetu sasa una ukurasa mzima usio na visanduku, na karani haruhusiwi kuuacha mtupu. Anayestaafu hukaa wiki mbili na anayempokea, wakienda pamoja kwa watu aliowahudumia. Chai ya saa nne nimeirudisha, na asiyesimulia hapewi andazi. Vijana hunisifu, wanauliza nilijifunzia wapi. Huwajibu kwamba nilifundishwa na shangazi yangu. Hapo nanyamaza. Hawajawahi kusikia nusu ya pili, na nadhani nusu hiyo ndiyo iliyowastahili zaidi. Leo wataisoma.

Sikuombi uniambie umenisamehe, maana huwezi kunijibu na mimi sitaki kukujibia. Nakukumbuka sana. Nikisikia harufu ya iliki kwenye chai hugeuka kukutazama, nikakuta kiti cha mtu mwingine. Nilichoweza kufanya ni kukijaza tena kile nilichochoma, kwa sehemu ndogo, na kukiweka mahali ambapo watu wengi watakiona. Mungu akulaze pema, shangazi. Ufunguo ule wa stoo sikuwahi kuwa nao.

Mtoto wa kaka yako,
karani wako

*Nyuma ya barua:*

Kanyana. Alikuwa na miaka minne hivi, sasa ni mtu mzima, na huenda anaitwa jina jingine. Alipandishwa boti Kagunga siku ya mvua kubwa, akapakatwa na mama ambaye hatumjui. Goti la kushoto lina kovu dogo. Aliangukia mafiga jikoni kwao. Alikuwa na bakuli la bati la bluu, limebanduka rangi ukingoni. Anaogopa kuku. Halali mpaka ashike sikio la mtu aliyelala naye. Kama wewe ndiye mama uliyempakata, au ulimjua mtoto wa namna hii, au unayesoma ni Kanyana mwenyewe na hukuwahi kuelezwa ilikuwaje: dada yako hakukuacha. Alikutanguliza.