Senti za Bwawa la Klabu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Detekta ya kutafuta vyuma ardhini imefika! Ya mkono wa pili, kutoka kwa muuza vyuma wa Kapsoit. Nimeenda nayo moja kwa moja hadi klabu ya zamani ya Wazungu, mabwana wa chai — siku hizi ni majani tu, na bwawa la kuogelea lililofukiwa. Kuria, aliyekodi uwanja afanye bustani ya harusi, alicheka. Chimba tu, Vivian, utanitolea misumari.

Misumari, kweli. Na vifuniko vya soda. Mgongo umekufa.

Jumatano, 6 Agosti

Senti! Sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati, ya 1956. Halafu nyingine. Halafu nyingine — zote mahali pamoja, pale bwawani. Nani huoga na pesa mkononi?

Nilimpelekea Mama nikidhani atafurahi. Aliziangalia, akaenda kulala bila kula.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama ameongea. Krismasi ya 1960, akiwa na miaka tisa. Wazungu walikuwa wanarusha senti ndani ya maji, wakiwaita watoto wa wachuma chai wapige mbizi, wao wamekaa kando wanacheka. Ndugu yake mdogo, Gichana, miaka saba, akashuka. Hakutokea tena. Klabu ikaandika kwamba aliruka ua aibe taulo. Babu akafukuzwa kazi, baba ya mwizi.

Nilikuwa na mjomba na sikujua! Mwizi gani huitwa na mwenye nyumba?

Ijumaa, 8 Agosti

Kofia imejaa senti. Kuria alikuja, nikamweleza zilifikaje pale. Kicheko kikaisha. Ati habari za maiti zitafukuza maharusi. Jumatatu anamwaga zege. Na nimpe hizo senti, ni mali yake.

Nikamwambia aje azitoe mwenyewe kofiani mwangu. Hakuja.

Jumapili, 10 Agosti

Rodah wa kwaya alinifuata uwanjani baada ya ibada. Watu wanasema nafukua mapepo, niache. Sikubishana. Nilimvalisha zile spika za masikioni za detekta. Tiiii! Akaruka nusu mita. Kisha akapiga magoti na gauni lake la kanisa, akaanza kuchimba.

Jumatatu, 11 Agosti

Lori la kokoto liko hapa. Naandika nikiwa ndani ya shimo, matope hadi magotini. Rodah yuko upande ule na wenzake wawili wa kwaya. Kuria alisema anahesabu hadi kumi, kisha lori limwage. Amehesabu mara mbili!

Nimemwambia sitoki. Kwanza aje mtu wa makumbusho, aandike senti hizi zimetoka wapi. Na aandike Gichana, miaka saba, aliitwa.

Ngoja — Mama! Amekuja peke yake na fimbo, hakuniambia. Dereva wa lori ameshuka, amemshika mkono avuke kokoto. Anamuuliza, hapa kulikuwa na nini, nyanya? Kuria anamfokea arudi kwa gari. Amerudi mara moja tu. Amezima injini kabisa ili amsikie, akashuka tena.

Mama anatoa kitambaa kichwani. Anaanza kumwambia —