Sahani tano za Rumonge

Rafiki yangu Sijaona, acha kila kitu, soma! Kaka yangu Tajudini amerudi kutoka ile safari ya baiskeli. Peke yake!

Si unajua namna alijitayarisha? Alinyoa, akanunua maillot, ile shati ya kukimbizia baiskeli, sawa na ya wale vijana wa Gihosha anaowatengenezea baiskeli. Joëlla, mukubwa wao, ndiye mwenyewe alimualika: "Taju, twende na we, tutalala mu tente, tutapika, itakuwa raha." Mutoto wa watu akaamini amepata marafiki.

Njiani aliziba pneu za baiskeli zao zilizotoboka mara ine. Kufika Rumonge akasimamisha tente, akawasha moto, akapika maharage na samaki ya mukeke mpaka jasho likamutoka. Wako watu sita. Joëlla akatoa sahani tano.

Tano, Sijaona! Taju akafikiri amesahau, akauliza anacheka: "Na yangu?"

Joëlla akamuangalia kama nzi mu chai. "Yako ya nini? We si fundi? Fundi atakula nyuma, kama kunabakia."

Fundi atakula nyuma! Na chakula alipika yeye! Wote wakacheka, midomo imejaa mukeke wake.

Alfajiri, bado wamelala, Taju akafungua cheni za baiskeli zao zote tano, akazitia mu mufuko, akapanda yake.

Sasa hivi tuko mezani, huku nyumbani. Joëlla anapiga simu, analia, wanasukuma baiskeli kwa mikono mu jua kali. Cheni tano ziko hapa, karibu na sahani ya Taju. Amemeza tonge kwanza, pole pole, kisha akamwambia:

"Ngojeni. Fundi anakula."