Betri ya Mama, Pikipiki Yako

Baba, Tata wangu,

Leo huku Izimbya mvua imenyesha asubuhi, kisha kukatulia. Mibuni imechanua, na harufu yake imejaa kibanja kizima, shamba letu lote la nyumbani, mpaka hapa kaburini ulipolala. Nimekaa karibu yako na kalamu, maana kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla Mutalemwa hajakusimulia kwa namna yake. Unamjua mwanao huyo, chumvi haimwishii.

Jambo lenyewe ni pikipiki yako.

Unakumbuka enzi zako za ubwana shamba, ukitupakia wote wawili kwenda kwa shangazi Kimwani? Mimi mbele kwenye tangi, mdogo wangu Mutalemwa nyuma amekung'ang'ania shati. Tukifika kwenye mteremko ulikuwa unazima injini. Ulisema unabana mafuta, lakini mimi najua ulipenda tu ule ukimya. Tunashuka, upepo umejaa masikioni, ziwa linaonekana kule mbali halafu ukungu unalimeza. "Koku, unasikia?" "Nasikia nini, Tata?" "Hakuna kitu. Sikiliza tu." Mpaka leo nikikosa usingizi kwangu Rwamishenye, naushuka mteremko ule. Sijawahi kufika chini. Usingizi hunichukua njiani.

Ulipostaafu, pikipiki nayo ikastaafu. Ukaifungua vipande vipande, ukavipanga juu ya majani ya mgomba, ukatuambia bado kidogo tu. Hiyo bado kidogo ilikula miaka, waitu! Mama akawa anakutania kwamba umeoa mke mdogo pale bandani, tena mke asiyepika. Wewe unacheka, mikono imejaa grisi, unaomba chai. Ukaondoka ukiwa umebakiza vitu vichache mno.

Sasa juzi Mutalemwa akaja na habari za mnunuzi wa vyuma chakavu. "Dada, lile ni kutu. Tuliondoe, banda tufugie kuku." Kuku, Tata! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa ulipolala. Mama ndiye aliyetuamua. Iwashwe leo, mchana, sote tukiwepo. Ikiwaka inabaki, ikikataa inakwenda, na asisikie mtu ananung'unika.

Vile ulivyobakiza nilivifunga, plagi nikaisafisha, kabureta nikaipuliza kama nilivyokuona ukifanya, petroli mpya nikatia. Tatizo likawa betri. Yako ilikuwa imevimba kama andazi. Ya kuazima ilikuwa moja tu nyumbani, ile ya sola, iliyo sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na juu yake amesimama Bikira Maria.

"Na Bikira Maria utamweka wapi?" mama akauliza.

"Juu ya kabati, mama. Kwa muda tu."

"Basi muombe ruhusa yeye, mimi usiniulize. Na betri irudi kabla ya rozari ya redioni."

Nikamwomba, Tata. Nilisali Salamu Maria nzima nimesimama pale na spana mkononi.

Betri ilikuwa kubwa, haikuingia mahali pake. Tukaiweka juu ya kigoda pembeni ya pikipiki, nikaunganisha kwa nyaya. Cheche zikaruka, na Mutalemwa akaruka kuzishinda. Nikageuza ufunguo, ile taa ndogo ya kijani ikawaka. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Hiyo ni taa," akasema Mutalemwa. "Tulikubaliana injini."

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena mpaka jasho likaniingia machoni. Hapo nikuambie ukweli ambao wao sikuwaambia. Sikuwa nagombania chuma. Nimeanza kukusahau sauti, Tata. Sura yako ninayo ukutani, lakini sauti inafifia, siku nyingine naitafuta siipati kabisa. Mlio wa pikipiki hii ndio uliokuwa unakuja na wewe kila jioni. Ikienda kupondwa huko kwenye vyuma chakavu, mimi nitabaki na nini cha kusikiliza? Niliogopa sana.

"Inatosha, mwanangu," mama akasema taratibu. "Iache."

Nikashuka. Nilidhani Mutalemwa atanicheka. Hakucheka. Alikuja akashika usukani, akaniangalia kidogo, akasema, "Mbona huilazi? Tata alikuwa anailaza kwanza, petroli ishuke."

Nilikuwa nimesahau! Akailaza ubavu wa kushoto, polepole, mama akishikilia kigoda betri isidondoke. Tukangoja pale tumeinama watatu, mpaka tukasikia petroli inadondoka kwenye majani na harufu yake ikachanganyika na ya maua ya mibuni. Akaiinua. "Haya, piga," akaniambia.

Ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikashika. Ule mlio wako, Tata, ule ule, mzito, unaokwamakwama kidogo katikati. Kuku wa jirani wakatawanyika. Migomba ilikuwa inadondosha maji ya mvua, na moshi ukatanda chini chini kati ya mashina kama umeota udongoni.

Hakuna aliyeshangilia. Mimi nimeikalia, ufunguo uko mbele yangu, mkono wangu ndio unaovuta mafuta. Lakini nilikuwa nimegeuka natazama njia inayoingia kibanjani, ile uliyokuwa ukirudi nayo jioni. Nikamwangalia Mutalemwa, naye anatazama huko huko. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshafungua kilemba chake, anakifunga upya vizuri, macho hayatoki njiani.

Pumzika, Tata. Tunakupenda sana.

Kifungua mimba wako,
Koku